Goti la Noeli: Kukutana na Mungu Aliyetwaa Mwili



Katika Misa ya Noeli kuna tendo dogo ambalo wengi wetu hulifanya kwa kuwafuata wenzetu bila kujua sababu yake. Tunaposali Nasadiki na kufika kwenye maneno yanayotaja kutwaa mwili kwa Mwana wa Mungu, kanisa zima linapiga goti. Dominika nyingine tunainama tu mahali hapo. Ni mara mbili tu kwa mwaka ambapo Mwongozo Mkuu wa Misale ya Kiroma, namba 137, unatutaka tushuke hadi chini: katika Sherehe ya Noeli na katika Sherehe ya Kupashwa Habari kuzaliwa kwa Bwana, tarehe 25 Machi, miezi tisa kamili kabla ya Noeli. Kabla ya marekebisho ya liturujia yaliyofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, goti hilo lilipigwa kila mara Nasadiki iliposaliwa katika Misa.

Waliowahi kuhudumu altareni usiku wa Noeli wanajua kinachotokea. Baadhi wanapiga goti, wengine wanatazama kulia na kushoto, mzee mmoja anahangaika na fimbo yake, na kabla hajafika chini maneno yenyewe yameshapita na watu wanainuka. Ni jambo la sekunde chache. Lakini katika somo hili tunataka kukaa nalo, kwa sababu tunaona kwamba swali ambalo watu wengi hubeba moyoni wakati wa Noeli linajibiwa hapo. Swali lenyewe ni hili: mtu anakutana na Mungu wapi? Kila mwaka tunapamba, tunaimba, tunavaa nguo mpya, tunasafiri kwenda kwa wazazi, na ikifika Januari wapo wanaojiuliza kimya kimya kama katika shughuli zote hizo walikutana na mtu yeyote.

Kutoka mlimani hadi chini

Tuanze na Agano la Kale, maana bila hilo hatuwezi kuona ukubwa wa kilichotokea Betlehemu. Katika Kitabu cha Kutoka (33:18-23) Musa anamwomba Mungu amwonyeshe utukufu wake. Anajibiwa kwamba uso wa Mungu hautaonekana. Atafichwa katika ufa wa mwamba, afunikwe kwa mkono wa Mungu, na ataona mgongo tu baada ya Mungu kupita. Huyo ni Musa, rafiki wa Mungu. Watu wengine waliposikia ngurumo za Sinai walisimama mbali na kumwomba Musa aseme nao yeye, wasije wakafa (Kut 20:18-19). Eliya alipotambua kuwa Bwana yupo katika ule utulivu wa Horebu, alijifunika uso kwa vazi lake (1 Fal 19:13). Manoa, baba yake Samsoni, aliogopa kwamba yeye na mkewe watakufa kwa sababu wamemwona Mungu (Amu 13:22). Mkewe, aliyekuwa na akili tulivu zaidi, ndiye aliyemtuliza.

Katika hayo yote binadamu anapanda, anavua viatu, anaficha uso, anasimama mbali. Si kwamba Mungu hakuwapenda watu wake. Palikuwa hata na Hema la Kukutania, ambalo Musa alilisimamisha nje ya kambi, na kila aliyemtafuta Bwana alitoka kwenda huko (Kut 33:7). Tulishike neno hilo, nje ya kambi. Mtu alilazimika kutoka mahali alipoishi, akaacha moto wake na watoto wake, ili akutane na Mungu.

Sasa tufungue Injili ya Yohane, sura ya kwanza, ambayo husomwa katika Misa ya mchana ya Noeli. Katika aya ya 14, pale ambapo katika Kiswahili tunasoma kwamba Neno alikaa kwetu, kitenzi cha Kigiriki kinatokana na neno lenye maana ya hema. Kwa lugha ya kawaida tungesema Neno alipiga hema kati yetu. Msikilizaji Myahudi aliyelisikia neno hilo alikumbuka mara moja lile hema la jangwani. Mwinjili anasema kwamba Hema la Kukutania limehama. Haliko tena nje ya kambi, liko ndani, kati ya vibanda vya watu, na halikushonwa kwa ngozi za wanyama. Ni mwili wa mtoto wa Maria. Ndiyo maana aya chache mbele, katika 1:18, anaweza kusema kwamba Mungu ambaye hakuna aliyepata kumwona, Mwana ndiye aliyemfunua.

Basi tunapopiga goti siku ya Noeli, mwili wetu unafuata njia aliyoipita Mungu mwenyewe. Yeye ameshuka, nasi tunashuka tumkute huko chini.

Swali la jirani

Wengi wetu tunaishi nyumba kwa nyumba na ndugu zetu Waislamu. Tunakula nao pilau siku ya Idi, nao wanakuja kwetu siku ya Noeli. Na wakati mwingine, baada ya chakula, linakuja swali: Mungu anawezaje kuzaliwa? Frateri aliyekwenda utume wa likizo karibu kila mara hurudi na swali hili, na tumegundua kwamba wengi hulijibu vibaya, ama kwa hasira ama kwa mzaha.

Tukumbuke kwanza kwamba anayeuliza hivyo anauliza kwa kumheshimu Mungu. Hataki Mwenyezi apunguzwe. Katika hilo tuko pamoja naye. Kanisa halisemi kwamba Mungu alianza kuwako Betlehemu, wala kwamba Mungu alimpata mwana kwa namna ambavyo mwanamume na mwanamke hupata mtoto. Padre Arius wa Aleksandria, mwanzoni mwa karne ya nne, alifundisha kwamba Mwana aliumbwa na kwamba hakuwako tangu milele. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325, ambao mwaka 2025 tuliadhimisha miaka 1,700 tangu ufanyike, ulikataa fundisho hilo na kukiri kwamba Mwana ni wa umungu ule ule mmoja wa Baba. Mwaka 381 Mtaguso wa Konstantinopoli ulikiri pia kwamba alitwaa mwili kwa Roho Mtakatifu na Bikira Maria. Hapo ndipo tunapopiga goti. Mwaka 431 Mtaguso wa Efeso ulithibitisha kwamba Maria anaitwa kwa haki Mama wa Mungu, kwa kuwa yule aliyemzaa ni mmoja tu, na huyo mmoja ni Mungu. Na mwaka 451 Kalsedonia ikaeleza kwamba katika nafsi hiyo moja kuna asili mbili, ya kimungu na ya kibinadamu, zisizochanganywa wala kutenganishwa.

Kwa hiyo kwa jirani yetu tunaweza kusema hivi, kwa upole: yule ambaye hana mwanzo alijitwalia ubinadamu wenye mwanzo, bila kuacha kuwa alivyo. Huenda asikubali, na hatumlazimishi. Ila atajua kwamba hatukumshusha Mungu. Tunaamini kwamba Mungu alishuka kwa hiari yake. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ni kubwa.

Tuongeze neno moja kwa mafrateri. Miaka hiyo, 325, 381, 431, 451, mnaikariri kwa ajili ya mitihani, na mnafanya vema. Lakini maaskofu wale hawakugombania herufi kwa kupenda ubishi. Walijua kwamba ikiwa aliyelala horini si Mungu kweli, basi hatujakutana na Mungu bado, tumeletewa salamu tu. Na ikiwa si mtu kweli, basi hakutugusa. Mtakatifu Atanasi aliona wazi kwamba wokovu wetu wote unasimama au kuanguka hapo, na kwa msimamo huo alifukuzwa katika jimbo lake la Aleksandria mara tano.

Ishara waliyopewa wachungaji

Mwinjili Luka anataja hori mara tatu katika aya chache: 2:7, 2:12 na 2:16. Mwandishi makini kama yeye harudii neno bure. Wachungaji hawaambiwi watafute nyota wala kiti cha enzi. Ishara yao ni mtoto mchanga aliyevikwa nguo za kitoto na kulazwa mahali wanyama wanapolia. Tukifikiri vizuri, hiyo ni ishara ya ajabu kwa sababu ni ya kawaida mno. Wachungaji waliijua hori kuliko kitu kingine chochote; walikuwa wakitia majani humo. Mungu aliwaita wamkute katika chombo chao cha kazi.

Jina Betlehemu kwa Kiebrania maana yake ni nyumba ya mkate. Mtakatifu Gregori Mkuu alilitazama jina hilo katika mahubiri yake ya Noeli na kuliunganisha na Kristo aliye mkate wa uzima. Mtoto analazwa pale chakula kinapowekwa, katika mji wenye jina la mkate. Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliliona jambo hili kwa macho ya mtu wa kawaida. Mwaka 1223, huko Greccio, aliomba iandaliwe hori yenye majani, pamoja na ng'ombe na punda, ili watu waone kwa macho jinsi Mtoto yule alivyokosa mahitaji ya mtoto mchanga. Tomaso wa Celano, aliyeandika maisha yake, anaeleza kwamba Misa iliadhimishwa juu ya hori hiyo, na kwamba Fransisko, aliyekuwa shemasi, aliimba Injili na kuwahubiria watu.

Tunalitaja hilo kwa sababu pango la Noeli tunalolitengeneza leo, la mabua au majani makavu ya migomba, pamoja na sanamu na taa za rangi, mara nyingi linawekwa kama pambo la pembeni. Greccio halikuwa pambo. Papa Fransisko, katika Barua ya Kitume aliyoitia sahihi huko huko Greccio tarehe 1 Desemba 2019, aliwahimiza waamini waendeleze desturi hii majumbani, mashuleni, hospitalini na hata magerezani. Nasi tunakubali kabisa, ila tungependa kila anayelipanga pango kanisani alisogeze karibu na altare kadiri nafasi na taratibu zinavyoruhusu. Macho ya waamini yapate njia fupi kutoka horini hadi kwenye Ekaristi. Aliyelazwa pale wanyama wanapolia ndiye anayejitoa kwetu kama chakula, na umbo la mkate si la kustaajabisha kuliko umbo la mtoto mchanga.

Waliojua njia na hawakwenda

Sasa tufike mahali panapotugusa sisi tunaosoma teolojia. Katika Injili ya Mathayo (2:4-6), Herode anawaita makuhani wakuu na waandishi wa watu, anawauliza Kristo atazaliwa wapi. Wanajibu bila kusita: Betlehemu ya Yudea. Wanataja na nabii. Jibu ni sahihi kwa asilimia mia. Kutoka Yerusalemu hadi Betlehemu ni kama kilomita tisa. Mtu mwenye miguu mizima anafika kabla ya chakula cha mchana. Injili haisemi kwamba yeyote kati yao aliinuka. Waliokwenda ni wageni kutoka mashariki, watu wasio na Maandiko, ambao walihitaji kuuliza njia.

Hatudhani kwamba waandishi wale walikuwa watu wabaya. Pengine walikuwa na kazi nyingi. Katika msimu wa Noeli seminarini na parokiani kazi ni nyingi kweli: mazoezi ya kwaya, kupanga watumishi wa altare, kufua mavazi, kutafuta mkaa wa chetezo dakika za mwisho, kuwapanga watoto wa igizo la Noeli ambao kila mmoja anataka kuwa malaika. Mtu anaweza kuwa karibu na hori kuliko wote na akawa ndiye pekee ambaye hakupiga goti moyoni. Papa Benedikto XVI, mwanzoni mwa waraka wake Deus caritas est wa mwaka 2005, alifundisha kwamba mtu hawi Mkristo kwa uamuzi wa kimaadili au kwa wazo zuri, bali kwa kukutana na Nafsi hai inayoyapa maisha mwelekeo mpya. Wazo tunaweza kulipata darasani. Kwa mtu ni lazima twende.

Tunashauri jambo moja dogo. Frateri anayehudumu Misa ya usiku aingie kanisani robo saa kabla ya kuanza kuhangaika na vitabu na mishumaa, apige magoti kama muumini yeyote, asiwe na karatasi mkononi.

Wanaokaa viti vya nyuma

Siku ya Noeli kanisa linajaa hadi nje. Wengine tunawaona mara ya kwanza tangu Pasaka. Yupo anayeishi na mwenzake bila ndoa ya kanisani na ameacha kukomunika kwa miaka kumi. Yupo kijana aliyetoka mjini, hana uhakika kama bado anasadiki, amekuja kwa sababu mama alimwangalia kwa namna fulani asubuhi. Yupo aliyelewa jana. Tumewahi kusikia mahubiri ya Noeli yaliyotumia nafasi hiyo kuwasuta watu wa namna hii, na makanisa yakacheka. Kwa maoni yetu hilo ni kosa. Wao ndio waliofunga safari kama mamajusi.

Kanisa lenyewe, kwa hekima, limeweka katika Misa ya mkesha orodha ya ukoo wa Yesu, Mathayo 1:1-25. Mapadre wengi husoma ile sehemu fupi kwa kuogopa majina magumu, na tunawaelewa, maana majina ni ya vizazi 14 mara tatu. Lakini sisi watu wa huku tunajua ukoo ni nini. Anapokufa mzee tunasimama na kutaja alikotoka, na mara nyingi tunaruka jina moja au mawili ya aibu. Mathayo haruki. Anamtaja Tamari, ambaye habari zake katika Mwanzo 38 hatuwasomei watoto. Anamtaja Rahabu, kahaba wa Yeriko. Anamtaja Ruthu mgeni Mmoabu. Mke wa Uria anatajwa kwa jina la mume aliyeuawa, ili dhambi ya Daudi isisahaulike. Kutoka katika damu hiyo hiyo Mwana wa Mungu alitwaa mwili. Yule wa kiti cha nyuma anayeona kwamba maisha yake hayafai kuwa mahali pa kukutana na Mungu anapaswa kuisikia orodha hiyo ikisomwa polepole, hadi mwisho.

Na asiyeweza kukomunika anaweza kupiga goti wakati wa Nasadiki. Tulisisitize hili, maana wapo wanaofikiri kwamba hakuna chochote chao katika Misa. Goti lile ni la Kanisa zima. Hakuna anayeulizwa cheti. Huenda likawa mwanzo wa safari ya kwenda kwa paroko kuzungumza habari ya ndoa, huenda lisiwe mwaka huu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 22, unafundisha kwamba kwa umwilisho wake Mwana wa Mungu amejiunganisha kwa namna fulani na kila mwanadamu. Kila mwanadamu, wala haukuweka orodha ya waliotengwa.

Wapo pia walio na msiba. Kwao Noeli ni sahani moja iliyopungua mezani, na nyimbo za furaha zinawachoma. Tusiwalazimishe kutabasamu. Liturujia haiwalazimishi: siku ya pili, tarehe 26 Desemba, tunavaa nyekundu kwa ajili ya Mtakatifu Stefano aliyepigwa mawe, na tarehe 28 tunawakumbuka Watoto Mashahidi na mama zao wa Betlehemu, ambao Mathayo anamtaja Raheli kwa niaba yao, mama anayelia na kukataa kufarijiwa. Kilio hicho kimewekwa ndani ya siku nane za Noeli, wala hakikuahirishwa hadi Kwaresima. Mungu aliyetwaa mwili ametwaa mwili unaoweza kulia na kufa, na mwenye msiba anaweza kumkuta hapo pengine kabla yetu sisi tunaoimba.

Sehemu ya mwisho ni ya utekelezaji, hasa kwa makatekista na viongozi wa liturujia wa vigango. Dominika ya nne ya Majilio, wakati wa matangazo, waelezeni waamini kwa maneno machache kwamba siku ya Noeli tutapiga goti wakati wa Nasadiki, na kwa nini. Jumuiya ndogo ndogo zinaweza kulizungumza katika sala zao za juma hilo. Anayeongoza Nasadiki asome taratibu na atulie hapo mpaka wazee wafike chini. Ikiimbwa, kwaya iweke kituo. Mwenye magoti yasiyokubali ainamishe kichwa akiwa ameketi, inatosha. Watoto waambieni wamtazame Mtoto aliye horini wanapopiga goti, kwa kuwa wao wanaelewa haraka kwamba ili umwone mtoto aliyelala ni lazima uiname.

Tutapiga goti tena tarehe 25 Machi. Mwaka ambao tarehe hiyo inaangukia ndani ya Juma Kuu au oktava ya Pasaka, sherehe husogezwa hadi Jumatatu inayofuata Dominika ya pili ya Pasaka, na goti letu linasogea pamoja nayo.